Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake

Kenya ina hoteli moja tu. Iko Lodwar, iko Isiolo, iko Mwingi, iko Migori, iko kila mji ambao mtu wa Nairobi hafiki bila kutumwa. Ukishalala humo mara moja, umelala kote. Ngazi ni za vigae vinavyoteleza. Chumba kina kitanda kikubwa kuliko nafasi yake, neti iliyofungwa fundo kama kitunguu, malapa mawili yasiyo ndugu, na sabuni ndogo kama biskuti. Televisheni iko ukutani lakini rimoti iko kaunta, chini, na lazima uiombe. Shawa ina swichi nyekundu nje ya bafu na kila mtu anakuonya usiiguse ukiwa umelowa. Juu ya kitanda kuna picha ya mlima wenye theluji na nyumba za mbao, nchi ambayo mwenye hoteli hajawahi kufika na wala hana mpango. Bei ni 1,500 mpaka 2,500, chai ya asubuhi ikiwa ndani. Kibao cha nje kinasema hii ni hoteli ya biashara, na hapo hakidanganyi: hakuna anayekuja huku kupumzika.

Nimelala kwenye hoteli hii mara nyingi kuliko nilivyolala kwa watu wangu tangu niache chuo. Nilikuwa nasoma falsafa mpaka karo ikakataa, mwaka wa pili. Sasa naandika chochote kinacholipwa: vijitabu, ripoti, maneno ya chini ya picha. Kazi hizo zinanipeleka mahali, na kila mahali naandikiwa risiti. Ni kwa sababu ya risiti hizo nimeanza kujiuliza swali moja ambalo mwanzoni nililiona la kipuuzi. Mtu akishalipia kitanda, bado anadaiwa kitu na mji aliolala? Au chenji ikirudi, mambo yameisha?

Swali lilinibana zaidi Macalder. Kama hupajui, ni kule Nyatike, kaunti ya Migori, magharibi ya Migori mjini, ukielekea ziwani. Unapanda matatu, halafu boda, na ukifika nguo zako zimeshabadilika rangi. Nilikuwa nimetumwa na shirika fulani kuandika kijitabu cha Kiswahili chepesi kuhusu zebaki, kwa ajili ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Nililala siku nne. Usiku unasikia mashine za kusaga mawe. Mwanzoni nilidhani ni jenereta ya hoteli. Mlinzi akanicheka: "Hiyo ni pesa inasagwa, kastama. Ikinyamaza ndio ushtuke."

Macalder ni mji ulioanza kwa mgeni. Wakati wa ukoloni kampuni ilikuja ikachimba hapo, shaba zaidi, na dhahabu pamoja nayo. Miaka ya 1950 ukajengwa mtambo wa umeme pale Gogo, kwenye mto Kuja, ili mgodi upate nguvu za kuendeshea mashine zake. Mwaka 1966 mgodi ukafungwa. Wenye mali wakaenda zao. Mtambo wa Gogo bado uko, siku hizi chini ya KenGen. Jina nalo limebaki. Wenyeji wanalitamka kwa namna yao na limekuwa lao. Vilivyobaki vingine ni mashimo, na marundo ya mchanga ambao kampuni ilikuwa imeshautoa kitu chake. Watu wamerudi kwenye mchanga huo huo wakitafuta kilichoachwa. Fikiria: mgeni ameondoka zaidi ya nusu karne, na wenyeji bado wanapekua sahani yake.

Sote tumefundishwa methali ile shuleni: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tuliifundishwa kama methali ya uvivu, kwamba mtu asikae bure. Nikiwa nimelala Macalder niliiona tofauti. Methali hii haimfukuzi mgeni. Inasema kuna siku ya tatu. Inasema ugeni una mwisho wake, na mwisho wake wa heshima si mlango. Ni kazi. Ukishapewa jembe, umeingizwa kwenye hesabu ya nyumba. Shamba likikosa mvua, ni shida yako pia. Kuanzia hapo unaweza kulaumiwa, na huwezi kumlaumu mtu ambaye si wako.

Hoteli ni mashine ya kuizuia siku ya tatu isifike. Kila asubuhi shuka zinabadilishwa, sabuni mpya inawekwa, na dada wa kaunta anakwambia karibu tena kama vile hajakuona jana. Unaweza kukaa mwezi mzima na kila siku ikawa siku ya kwanza. Hakuna anayekupa jembe. Ndiyo bidhaa yenyewe unayonunua, zaidi ya kitanda.

Kabla sijaendelea, wacha niitetee hoteli, kwa sababu najua stori hii inaweza kwenda wapi: kijana wa Nairobi anagundua umaskini, anajihurumia kwa niaba ya wengine, anaandika makala. Hapana. Ukarimu wa bure si wa bure. Tumekua tukiona mgeni akifika kijijini, na kuku anayechinjwa ni yule yule anayetaga. Watoto wanalala chini, mgeni analala kitandani, na wiki mbili baadaye nyumba bado inakopa unga. Wanaosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa wakihesabu gharama za siku hiyo. Kwa hivyo kulipa kitanda kuna haki ndani yake. Dada aliyekuwa akisafisha chumba changu aliniambia mshahara wake unalipa karo ya mdogo wake, na kwamba kabla ya hapo alikuwa akiponda mawe kwa nyundo, jua likiwa juu yake, akilipwa kwa karai. "Afadhali shuka," akasema, na hakuwa na la kuongeza. Mtu anayetaka hoteli ya Macalder ifungwe ili wageni walale kwa wenyeji na "wajionee maisha" anafaa amuulize huyu dada kwanza.

Tena kuna kujihisi vibaya. Wengi wetu tukifika mahali kama pale, tunajihisi vibaya, halafu tunahesabu ile hisia kama malipo. Unaoga maji moto, unakumbuka kina mama wenye ndoo barabarani, moyo unauma kidogo, unalala. Hisia hiyo haijachota hata kikombe kimoja. Inaweza kukaa na starehe chumba kimoja bila kugombana, tena kwa miaka. Kwa hivyo sizungumzii hatia. Nazungumzia deni, na deni lina sura: nani anadai, anadai nini, na utalilipaje.

Falsafa waliyonipa kabla karo haijakataa ina mzee mmoja aliyeligusa hili. Immanuel Kant, mwaka 1795, kwenye kijitabu chake kuhusu amani ya kudumu, alisema ukarimu si hisani, ni haki. Mtu akifika nchi ya wengine kwa amani, asitendewe kama adui. Lakini akaweka mpaka mahali ambapo wengi hawaangalii: haki hiyo ni ya kutembelea, si ya kukaribishwa ukae. Kukaa kunahitaji makubaliano. Halafu akazigeukia nchi za Ulaya za zama zake, akasema zenyewe zikienda kutembelea watu, kutembelea kwao ni kuteka, na nchi zenye watu zinahesabiwa kama hazina mtu. Mzee huyu mwenyewe hakusafiri mbali na mji wake wa Königsberg, na ameandika mengine kuhusu watu weusi ambayo huwezi kuyasoma bila hasira. Lakini hapa aliona vizuri. Kuna mgeni anayebisha hodi, na kuna mgeni ambaye hodi yake ni cheti kilichotiwa sahihi mahali pengine.

Mgodi ni mgeni wa namna hiyo. Ndiye mgeni pekee ambaye methali yetu haimwezi, kwa sababu alikuja na jembe lake. Huwezi kumpa siku ya tatu kitu alichoanza nacho siku ya kwanza. Na hakulima shamba la mwenyeji. Alichimba chini ya nyumba. Sheria zetu zinakubali kwamba kilicho chini si cha aliye juu. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaweka madini kwenye ardhi ya umma, chini ya serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi wote. Kwa hivyo mzee wa Nyatike anamiliki mahindi, na mizizi ya mahindi, na baada ya hapo anakuwa mgeni kwenye shamba lake mwenyewe. Sheria ya Madini ya 2016 ikajaribu kumkumbuka: mrabaha ugawanywe, asilimia 70 iende serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii inayoishi panapochimbwa. Sheria hiyo hiyo ikawafungulia njia wachimbaji wadogo, waombe vibali vyao. Ile iliyotangulia, ya 1940, ilikuwa ya kikoloni na haikuandikwa ikiwafikiria wao.

Asilimia ni jambo zuri. Lakini ni risiti vilevile. Ile kampuni iliyoondoka 1966, tuseme ingelipa kila senti iliyotakiwa. Bado mashimo yangekuwepo, na bado mtu wa Macalder angetaka kusimama mbele ya mtu fulani amuulize: hili shimo, mlikuwa na mpango gani nalo? Mchanga huu una nini ndani yake? Watoto wanacheza hapa, wacheze? Pesa ingekuwa imelipwa na maswali yangekuwa yamekosa wa kuyajibu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti kati ya nyumba na hoteli.

Ukienda kwa watu, unaulizwa. Wewe ni wa nani? Umetoka wapi? Mama yako anaendeleaje? Mbona hujaoa? Unarudi lini? Sisi vijana wa mjini tunayachukia maswali haya. Krismasi ikikaribia mtandaoni ni vichekesho vitupu kuhusu shangazi na maswali yake. Tunayaona kama udaku, na mengine ni udaku kweli. Lakini ndani yake kuna kitu. Maswali yale ndiyo kodi ya kulala pale. Mwenyeji anakupa ugali na anachukua haki ya kukujua. Ukimdanganya, umevunja kitu. Ukiharibu, anajua pa kukutafuta.

Hoteli inauza kutoulizwa. Pale kaunta kulikuwa na kitabu kikubwa cha wageni, kimepigwa mistari kwa rula: jina, kitambulisho, simu, unakotoka, unakokwenda, sababu ya safari. Nilikifunua kurasa za nyuma nikisubiri chenji. Kwenye sababu ya safari, ukurasa mzima, mwandiko tofauti tofauti, neno lilikuwa moja: kazi, kazi, kazi, kazi. Kitabu kinauliza, lakini kinakubali jibu lolote. Nami nikaandika kazi.

Asubuhi tulikuwa wanaume watano tukinywa chai, meza tano, tukiangalia televisheni moja. Mmoja alikuwa na mzani mdogo kwenye mkoba. Huyo ni mnunuzi, na dhahabu anayonunua pale haiishi pale, inapita Nairobi, na ya ukanda huu nyingi huishia Dubai. Mwingine alikuwa fundi wa mashine kutoka upande wa Tanzania. Wachimbaji na mafundi wa kule wamekuwa wakivuka mpaka na ujuzi wao siku nyingi. Kulikuwa na afisa mwenye faili, na muuza dawa za mifugo. Na mimi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake chochote zaidi ya "umemaliza na sukari?" Sikuliona kama ukosefu wa adabu. Ndiyo adabu ya pale. Kila mtu alikuwa anamlindia mwenzake haki ya kutoulizwa.

Lakini kila mmoja wetu alikuwa anaondoka na kitu. Mnunuzi na dhahabu yake. Fundi na malipo yake. Afisa na takwimu zake. Muuzaji na oda zake. Mimi nilikuwa na sauti za watu sita kwenye simu yangu, dakika mia moja na kitu, wakinieleza maisha yao ili nipate mifano ya kijitabu.

Sauti hizo nilizichukua kwenye mashine ya kusaga, karibu na barabara. Wacha nieleze kazi inavyokwenda, maana bila hivyo hutaelewa swali nililoulizwa. Wanaume wengi wanashuka shimoni na kupandisha mawe. Wanawake wengi wanayaponda, na mawe yakishasagwa kuwa unga wanayaosha kwa maji kwenye karai, wanatia zebaki, wanaikanda kwa mkono. Zebaki inashikana na dhahabu, inakuwa kidonge kidogo cha rangi ya fedha. Kidonge kinachomwa. Zebaki inapaa kama mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke huo hauna rangi ya kukutisha. Ukiuvuta unaingia mwilini, unaharibu neva na figo, na kwa mama mjamzito unamfikia mtoto. Dunia ina mkataba juu ya jambo hili, uliopitishwa 2013 na kupewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako zebaki ya kiwanda iliingia baharini, ikaingia kwenye samaki, ikaingia kwa watu.

Jambo jingine: zebaki haikamati dhahabu yote. Nyingine inabaki kwenye mchanga uliooshwa, na mahali pengi mchanga huo unabaki kwa mwenye mashine. Wenye mtaji wanauosha tena kwa sayanaidi na kupata kilichobaki. Kwa hivyo mama anavuta moshi, anapata kipande chake, na anamwachia mwingine kilichobaki bila moshi.

Mimi nilikuwa nimekuja na sentensi zangu. Usichome zebaki jikoni. Usichome karibu na mtoto. Tumia retoti, kile chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke. Mama mmoja wa makamo, mikono imepauka kwa vumbi la mawe, alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akageuza mazungumzo.

"Sasa nyathina, ukisema tuache hii, tutumie nini?"

Nikamwambia kuna mahali, Ufilipino, wachimbaji wadogo wanayeyusha dhahabu kwa boraksi, bila zebaki. Hili ni kweli, na nilikuwa nimelisoma.

"Hiyo boraksi inauzwa wapi hapa?"

Sikujua.

"Na hicho chombo cha kunasa moshi, nani anacho?"

Nikamwambia nitauliza.

"Unakaa wapi?"

"Hotelini."

"Hapana. Unakaa wapi wewe?"

Nikamwambia Nairobi, Umoja. Akatikisa kichwa kama mtu anayeandika kitu. "Na utarudi lini?"

Wenzake walicheka, si kwa ubaya. Lakini yeye hakuwa anatania, na nilipofika chumbani nilijua kwamba katika siku zote nne, hiyo ndiyo mara pekee niliyotendewa kama mgeni. Maswali yake yalikuwa yale yale ya shangazi: umetoka wapi, umeleta nini, unakaa wapi, unarudi lini. Alikuwa ananipa jembe. Hakuomba pesa, na hakutaka nimuonee huruma. Alikuwa anataka kujua kama maneno yangu yana mwenyewe.

Hapo ndipo ninaposimama sasa. Kulipa kunamaliza deni la kitanda. Hakumalizi haki ya wenyeji kukuuliza. Haki hiyo haiuzwi kaunta, kwa sababu mwenye hoteli hana uwezo wa kuiuza: si yake, ni ya mji. Tunachokosea mara nyingi ni kudhani risiti moja imelipa vyote viwili.

Utaniambia: huo ni mzigo usiobebeka. Mtu amelala miji thelathini, ataitika miji thelathini? Ni swali la haki, na jibu langu ni kwamba deni lina kipimo chake. Unaulizwa kuhusu ulichobeba, na kuhusu ulichoacha. Muuza dawa za mifugo haulizwi kuhusu mashimo; anaulizwa dawa yake imemfanya nini ng'ombe. Mnunuzi anaulizwa kuhusu mzani wake, na bei ya jana huko anakouza. Afisa anaulizwa takwimu zimekwenda wapi na zimerudi na nini. Kampuni inaulizwa kuhusu shimo, maji na mchanga, na swali hilo linadumu kadiri shimo linavyodumu. Na anayeandika anaulizwa kuhusu maneno. Dereva wa lori aliyelala usiku mmoja akaondoka alfajiri hajabeba kitu zaidi ya usingizi wake. Huyo alipe, aende kwa amani, hana deni.

Utaniambia tena: wakubwa hawatakubali kuulizwa, sasa mimi mdogo nikubali, nipate nini? Sioni kama hilo linabadilisha deni langu. Lakini linabadilisha kitu kingine. Watu wa mahali kama Macalder wameona wageni wengi wanaoondoka bila kuitika, mpaka kuuliza kwenyewe kunaanza kuonekana ni ujinga. Kijana mmoja pale aliniambia haulizi tena mtu wa shirika kitu, anachukua soda na kusaini orodha ya mahudhurio. Hiyo ndiyo hasara ambayo haiko kwenye mrabaha wowote. Watu wakizoea kutojibiwa, wanaacha kuuliza, na wakiacha kuuliza hata sheria nzuri haiwasaidii, maana sheria ya 2016 nayo inasubiri mtu aulize asilimia 10 iko wapi. Kila mgeni mdogo anayeitika anaweka hai tabia ambayo siku moja itamfikia mgeni mkubwa.

Na ili uulizwe lazima upatikane. Nilipomaliza kijitabu niliomba ukurasa wa mwisho uwe na nambari ya simu ya mtu atakayepokea, mtu mwenye jina, anayejua zebaki kuliko mimi. Waliokuwa wamenituma wakasema nafasi imejaa nembo, na kwamba anwani ya barua pepe inatosha. Tulivutana kwa wiki moja. Kati ya wale watu sita niliowarekodi, hakuna aliyenitajia barua pepe. Wote walinipa nambari za simu, na wote walitaka yangu. Kijitabu kilitoka na nembo nne nyuma. Kimechapishwa vizuri, na kila kilichoandikwa ndani ni kweli.

Nambari yangu wanayo. Yule mama hupiga Jumapili jioni, simu inalia mara mbili inakata, halafu mimi ndiye ninayepiga. Ameshaniuliza kuhusu mjukuu wake anayetetemeka mkono, nikamwambia ampeleke hospitali na awaambie kabisa kwamba nyumbani wanachoma zebaki, maana daktari asipoambiwa anaweza asifikirie hilo. Ameniuliza kama glavu za kufulia zinasaidia. Wiki iliyopita aliuliza tena kuhusu boraksi. Nimepata duka Nairobi linaloiuza, lakini kwa magunia, na bei yake si ya mtu anayelipwa kwa karai. Nilimwambia hivyo. Akanyamaza kidogo, nikasikia mashine nyuma yake, halafu akauliza gunia moja linaweza kugawanywa kwa watu wangapi. Nimemwambia anipe mpaka Jumapili nimjibu.